Chupa Mbili za Petroli

Kituo cha Zimamoto, chumba cha mafundi
6 Machi

Mpwa wangu Skrubu,

Salamu nyingi. Nyumbani wote wazima, ila mimi nina jambo. Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu ya kituo iko mezani kwa karani, na masikio ya karani yako kila mahali. Simu yangu huishiwa chaji kila nikianza kusema la maana.

Jumatatu iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karakana ya maseremala nyuma ya soko ilishika moto. Tulifika upesi. Gari kubwa halikuweza kupita kichochoroni, kwa hiyo tukashusha pampu ndogo, ile ya kubebwa na watu wawili, tukaiweka kando ya kisima. Mimi ndiye fundi wa pampu, na mimi ndiye niliyevuta kamba ya kuwashia. Haikuwaka. Nikavuta tena na tena mpaka bega likafa ganzi. Kulikuwa na baridi asubuhi ile, lakini si baridi ya kuua injini. Dakika kumi na moja, Skrubu. Idadi hiyo nimeipata kwa dereva, maana mimi sikuwa na akili ya kutazama saa. Pampu ilipowaka, paa lilikuwa limeshashuka. Mlinzi wa karakana alikuwa ameingia kuokoa randa na misumeno ya watu, akatoka mikono yote miwili imeungua. Yuko hospitali mpaka sasa.

Imeundwa kamati. Wanasema mtu ameiba petroli ya pampu akajazia mafuta ya taa. Ufunguo wa stoo tunao watu wawili tu, mimi na dereva huyo wa gari la maji. Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na miwili, na nikimwaga unga kwa kosa la wizi nitapita wapi katika mji huu?

Mama yako aliniambia kazi yako huko chuoni ni kutazama tone la mafuta likikauka. Nilicheka siku ile, nisamehe. Leo nakuja kwako nimeinamisha kichwa. Nakutumia chupa mbili. Ya kwanza nimeichota kwenye tangi la pampu yenyewe, mbele ya kamanda. Ya pili imetoka kwenye pipa jipya ambalo kamati imelipiga lakiri. Lilifunguliwa mara moja tu kwa ajili ya chupa hii. Niambie zinatofautiana nini. Sitaki kingine, nataka jina langu.

Zile skrubu tatu ulizobakisha ulipofungua redio yangu ukiwa na miaka minane bado ninazo kwenye kopo. Redio inaimba mpaka leo. Sijawahi kuelewa.

Mjomba wako


Maabara, ghorofa ya pili
15 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye mikono ya mlinzi nasimama kwanza. Pole sana. Mwenzako aliyeleta chupa alizishika mbali na kifua chake kama anabeba mtoto wa watu aliyelowa. Zimefika salama, vifuniko vimekaza.

Hukucheka peke yako. Mama huwaambia majirani kwamba nasomea kukausha. Acha nikueleze, ujue ninachoweza na nisichoweza. Naning'iniza tone moja kwenye ncha ya uzi wa kioo ulio mwembamba kuliko unywele, ndani ya sanduku la hewa ya moto. Kamera inalipiga picha mia mbili kila sekunde, nami napima linavyopungua. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwenye kompyuta: naandika hesabu zinazosema tone lingepaswa kupata joto na kuruka hewani namna gani, kisha nalinganisha hesabu na picha. Zikilingana, ninajua kilichomo ndani ya tone.

Tabu ni kwamba petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu makumi kwa makumi. Nimevipanga katika makundi sita, kuanzia vyepesi hadi vizito. Vyepesi huruka kwanza, vizito hubaki nyuma.

Sasa nisikilize vizuri, maana mimi mwenyewe nimechanganyikiwa. Hata chupa ya pili, ambayo haina shaka, haifuati hesabu zangu. Tone lake linaanza kwa kunenepa badala ya kukonda, halafu linashuka kwa kasi, halafu linapunguza mwendo kabla ya wakati ninaoutaka mimi. Chupa ya kwanza inakwenda polepole tangu mwanzo. Nikiweka kwenye kompyuta kwamba ina mafuta ya taa kiasi cha moja ya tano, mistari yangu miwili, wa hesabu na wa picha, inakaribiana. Inakaribiana tu, mjomba, hailali pamoja. Msimamizi wangu ametazama mchoro akasema modeli yangu, yaani hizo hesabu, ina kiburi, akaondoka. Sijui alimaanisha nini.

Kwa hiyo usimwambie mtu bado. Na kama kuna lolote ambalo ungependa kuniambia kabla sijaendelea, niambie, nitasikia kwa moyo mweupe.

Msalimie mkazamjomba.

Skrubu


Chumba cha mafundi
23 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na asante mara mia. Barua yako imenirudishia usingizi. Moja ya tano! Nilijua kuna mkono wa mtu.

Nimeipeleka mbele ya kamati jana. Niliwasomea pale pa mafuta ya taa tu. Habari za uzi wa kioo na tone kunenepa niliziruka, zingewachosha bure. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa heshima aliposikia neno maabara. Wakaniuliza nani mwingine ana ufunguo. Sikumtaja mtu kwa ubaya, nilijibu swali nililoulizwa. Dereva alikuwa amekaa mbele yangu. Alinitazama tu mpaka nikajifanya natafuta kalamu. Miaka tisa tunakula meza moja, ndiye anayenisogezea chumvi kabla sijaomba. Lakini kama si mimi ni yeye, hesabu hiyo haihitaji kompyuta.

Jambo moja limenitatiza. Uliandika kwamba kama kuna lolote ningependa kukuambia, nikuambie. Nimeligeuza neno hilo juu chini. Nikamwonyesha mkazamjomba wako, naye akakunja barua akanirudishia. Ulikuwa na maana gani?

Mjomba wako


Maabara
31 Machi

Mjomba,

Nilikuandikia usimwambie mtu. Nilipofika pale unaposema uliwasomea pa mafuta ya taa tu, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sijui nimekasirika au nimeogopa, labda vyote viwili.

Nimeelewa sasa maana ya kiburi. Modeli yangu ilichukulia kwamba ndani ya tone kila kitu ni sawasawa: joto likigusa ngozi ya tone limeshafika katikati, na chepesi kilichoko katikati kina njia ya kuruka mara moja. Si kweli. Ngozi inapata joto, kiini bado kina baridi. Vyepesi vya juujuu vinaondoka, lakini vya ndani havitoki mpaka vitembee kwanza hadi juu, na vizito vimeziba njia. Kwa hiyo hesabu zangu zilikuwa zinakosea mahali, na kile kiasi cha moja ya tano nilichokitumia kilikuwa kiraka cha kuficha tundu. Kompyuta ilikubali kiraka. Kompyuta hukubali chochote.

Aibu kubwa zaidi ni hii. Msimamizi aliniuliza, "Umeshaning'iniza tone la petroli iliyochanganywa mafuta ya taa kweli?" Nikasema hapana, nimelichora tu. Akauliza tena kama hakunisikia. Wiki tatu nimefukuza jambo ambalo ningeweza kulijaribu asubuhi moja kwa kikombe na kijiko.

Nenda kamati, tafadhali, uwaambie barua ile isihesabiwe. Nipe wiki tatu nijenge hesabu upya.

Na uliniuliza nilikuwa na maana gani. Sitakupiga chenga. Nilidhani ni wewe. Nilidhani labda ulichukua kidogo mwezi fulani mgumu ukajazia, basi. Nilikuwa najiandaa kukutetea hata kama ni kweli. Nisamehe, mjomba. Nimeandika sentensi hii mara sita.

Skrubu


KITUO CHA ZIMAMOTO
OFISI YA KAMANDA
14 Aprili

Kwa Mtafiti, Maabara ya Mafuta

YAH: UTHIBITISHO WA UCHUNGUZI WA PETROLI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Fundi wetu wa pampu aliwasilisha mbele ya kamati matokeo kutoka maabara yako, yanayoonyesha petroli ya pampu kuwa na mafuta ya taa kiasi cha moja ya tano. Kutokana na matokeo hayo, dereva wa gari la maji amesimamishwa kazi kuanzia tarehe 2 Aprili.

Kamati inakuomba uthibitishe matokeo hayo kwa maandishi na kwa sahihi yako kabla ya tarehe 10 Mei, ili shauri lifungwe.

Nje ya shughuli rasmi: fundi ana siku kadhaa hasemi na mtu. Amepaka grisi kila kitu kinachopakika hapa kituoni, mpaka bawaba za mlango wangu. Kama unajua kinachomsumbua, nitashukuru kujua.

Kamanda wa Kituo


Maabara
21 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hujanijibu na sikulaumu. Lakini kamanda ameniandikia. Sikujua kwamba dereva amesimamishwa. Hukuniambia, na sijui kama ulikwenda kuifuta barua yangu au hukwenda.

Nisome hata kama umenikasirikia. Hesabu mpya zimekamilika. Nimeligawa tone katika tabaka nyembamba kuanzia kiini hadi ngozi, kila tabaka lina joto lake na vyepesi vyake, nikaacha joto liingie kwa mwendo wake na vyepesi vitoke kwa mwendo wake. Chupa ya pili imekubali. Inanenepa pale inaponenepa kweli, maana petroli ikipata joto hutanuka kabla haijaanza kuruka, na inapunguza mwendo pale pale picha zinaposema. Nililia kidogo, msimamizi akajifanya anafuta miwani.

Kisha nikachanganya petroli ya chupa ya pili na mafuta ya taa, kwa kikombe na kijiko, nikaning'iniza. Tone lilikauka haraka mwanzoni, halafu mwishoni likaacha mkia mrefu: kitone kinang'ang'ania kwenye uzi, hakiishi. Chupa yako ya kwanza haina mkia huo. Nimejaribu matone arobaini. Mwisho wake na mwisho wa chupa ya pili ni mmoja, kama mapacha.

Mjomba, hakuna mafuta ya taa. Hakuna aliyeiba wala kujazia. Petroli ya pampu ni ya aina ile ile ya pipa, ila imepungukiwa vile vyepesi. Viliondoka kabla petroli haijafika kwenye chupa.

Hapo ndipo nilipokwama tena. Hakuna mwizi wa kuchota vyepesi peke yake akaacha vizito. Nieleze taratibu, kuanzia pipa linapoletwa mpaka petroli inapoingia kwenye tangi, nani anaigusa na anaiweka wapi. Usiruke kitu hata kama unaona kingenichosha.

Skrubu


Chumba cha mafundi
28 Aprili

Skrubu,

Nimepata barua zako zote mbili. Ile ya kwanza niliiweka chini ya godoro. Nilikubeba mgongoni kuvuka mto ulipokuwa na homa, na wewe ulidhani ni mimi. Nimekaa na neno hilo wiki nne na bado linachoma. Kamati sikwenda. Nilijiambia nitakwenda kesho, kisha wakamsimamisha dereva, na baada ya hapo kwenda kukawa kuzito zaidi. Huo ndio ukweli, na haunipendezi.

Sasa swali lako. Nakujibu kwa sababu kazi ni kazi, na katika kazi hii hakuna wa kunifundisha.

Petroli ikiletwa, mimi siimimini kwenye tangi hivi hivi kama wavivu wa vituo vingine. Petroli huja na maji na uchafu. Ninayo beseni pana la bati, nyuma ya stoo, juani. Naimimina humo, nalifunika chandarua vumbi lisiingie, na ubao nimeandika USIGUSE. Naiacha tangu asubuhi hadi jioni, wakati mwingine siku mbili. Uchafu unatulia chini na maji yanatoka. Najua yametoka kwa sababu kina chake hupungua vidole viwili, na jua likiwa kali hata vitatu. Kisha naichuja kwa kitambaa cheupe. Ukiitazama baada ya hapo ni safi kama machozi. Fundi aliyenifundisha alitumia dumu lenye mdomo mwembamba. Beseni ni akili yangu mwenyewe, mwaka wa pili sasa, maana kwenye dumu lile maji hayakuwa yakitoka.

Na kila Ijumaa saa saba mchana naijaribu pampu. Mvuto wa pili inawaka. Kwa hiyo huwezi kuniambia petroli yangu ina kasoro.

Basi tafuta kwingine.

Mjomba wako


Maabara
3 Mei

Mjomba wangu,

Kaa chini kwanza, na kama mkazamjomba yupo mwite akae karibu.

Vile vidole viwili havikuwa maji. Maji ni mazito kuliko petroli. Yakiwemo huzama chini ya beseni na yanabaki huko, hayaruki juani. Kilichokuwa kinaondoka ni vile vyepesi. Uso mpana, jua, siku nzima: umeitengenezea petroli njia iliyo fupi kuliko zote. Ndani ya tone langu vyepesi vya katikati huchelewa kwa sababu njia ni ndefu na imebanwa. Dumu la fundi wako lilivibana vivyo hivyo, ndiyo maana hukuona kikipungua kitu.

Na injini inapoanza ikiwa baridi, vyepesi ndivyo vinavyowaka kwanza. Vizito havitoi mvuke wa kutosha mpaka vipate joto. Saa saba mchana chuma cha pampu chenyewe kina joto, kwa hiyo Ijumaa zote ulizojaribu zilikudanganya. Asubuhi ile ilikuwa baridi.

Nimeandika haya kwa siku mbili. Nilitaka kutafuta namna ya kuyasema ambayo isingekufikia moyoni, sikuipata. Hukuiba, na sasa naweza kuapa hivyo popote. Lakini pampu haikuwaka kwa sababu ya beseni. Najua ulikuwa unaitunza kuliko mtu yeyote angeitunza, na hilo ndilo linaloniuma.

Usiniamini mimi, maana nimeshakukosea mara moja kwa kuamini kompyuta kabla ya kujaribu. Jaribu mwenyewe. Omba petroli ya pipa, weka nusu kwenye beseni kama kawaida yako, nusu iache ndani ya chombo kilichofungwa. Asubuhi na mapema vuta kamba kwa kila moja.

Kamanda anataka sahihi yangu kabla ya tarehe 10. Nitamwandikia tarehe 9. Sitaki asome kabla yako. Na dereva yuko nyumbani kwake anasubiri, mjomba, na nusu ya kosa hilo ni yangu.

Skrubu wako


Chumba cha mafundi
7 Mei

Skrubu,

Nimejaribu. Leo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kando ya kisima kile kile, nikiwa peke yangu. Niliomba lita mbili kwa kamanda nikamwambia ni zoezi, akanipa bila kuniuliza, na hiyo ilinitia aibu pia.

Petroli iliyofungwa: mvuto wa pili.

Nikakausha tangi na kabureta, nikafuta plagi, nikaacha pampu ipoe mpaka nikaweza kuweka shavu juu yake. Nikatia ya beseni, iliyoshinda juani jana kutwa. Mvuto wa kwanza mpaka wa kumi hakuna kitu. Kwenye wa kumi na nne ilikohoa. Wa kumi na tisa ikawaka. Nilikuwa navuta huku nikiomba isiwake kabisa, halafu nikiomba iwake mara moja niwe nimesingiziwa, sijui hata nilichokuwa nataka. Mkono wangu uliijua kamba ile. Ulikuwa ule ule uzito wa siku ile.

Nimekaa pale mpaka wachuuzi wakaanza kufungua meza zao. Mmoja akaniuliza kama kuna moto. Nikamwambia umeshapita.

Usimwandikie kamanda. Acha kwanza niende kamati mwenyewe.

Mjomba wako


Chumba cha mipira
24 Mei

Mpwa wangu Skrubu,

Anwani umeiona imebadilika. Nitakueleza.

Niliingia mbele ya kamati tarehe 8, nimelibeba beseni kiubavu maana halipiti mlangoni kwa upana. Wakadhani nimechanganyikiwa, na hawakukosea sana. Nikawaambia yote, nikawasomea barua zako, safari hii bila kuruka mstari, mpaka ile uliyodhani ni mimi. Mwenyekiti aliuliza maswali ya tone kunenepa nikamjibu kama mtu aliyesoma. Kamanda akasema, "Kwa hiyo mwaka wa pili sasa tuna beseni la petroli wazi, juani, ndani ya kituo cha zimamoto, na sote tumepita kando yake." Karani akasema yeye alidhani ni maji ya kufulia. Mtu mmoja akacheka, kisha wakacheka wote, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka mbele ya watu wazima wenzangu.

Dereva amerudi kazini. Nilikwenda kwake mwenyewe kumwambia, nikasimama nje ya uzio kwa sababu hakunikaribisha ndani, na haki anayo. Nilimwambia nimemkosea na sina utetezi. Akasema amesikia. Mezani anakaa upande wa pili sasa. Jana alinisogezea chumvi, lakini hakunitazama.

Ufunguo wa stoo wameuchukua. Nimehamishiwa mipira ya maji: kuosha, kuanika, kukunja. Wizi umefutwa kwenye faili langu, wameandika uzembe. Jina nililokuomba unirudishie limerudi, ila si lile nililodhani nililipoteza. Wewe usijilaumu. Ulinipa ukweli wote, mimi ndiye niliyesoma kipande.

Kuna swali nakuuliza, kwa wakati wako. Ile petroli ya kwenye beseni, baada ya vyepesi kuondoka, ilikuwa inang'aa kuliko ya pipa. Kwa macho ilikuwa bora. Hesabu zako zina namna ya kuonyesha kitu kinachoharibika kikiwa kinapendeza? Uliza msimamizi wako, akishafuta miwani.

La mwisho. Juzi nimekwenda kwa mlinzi wa karakana. Ametoka hospitali, yuko kwa dada yake, mikono bado imefungwa bandeji mpaka viwiko. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na nilipofika yakaniishia. Nikamwambia tu pampu ilikuwa mikononi mwangu, na haikuwaka kwa sababu yangu. Nikamweleza beseni, jua, vidole viwili. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hiyo ulikuwa unaisafisha?" Nikasema ndiyo, nilikuwa naisafisha.

Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. Akaonyesha kwa kidevu chupa ya maji iliyokuwa mezani, akasema dada yake ametoka na yeye ana kiu tangu asubuhi, nimfungulie. Nikaifungua, nikaishika mdomoni pake mpaka akatosheka, nikakaza kifuniko, nikakaa naye mpaka dada yake aliporudi. Nimesema nitakuwa nakwenda kila siku baada ya kazi. Hakusema ndiyo wala hapana.

Mjomba wako